Orodha ya Mei: inavyofupisha maisha ya soka ya mchezaji wa ligi za chini Uingereza

Msimu ukiisha, kila Mei, klabu za ligi za kulipwa za Uingereza hutangaza nani anabaki, nani ameongezewa mkataba na nani ametemwa. Kwa mchezaji wa League Two, yaani daraja la nne, orodha hiyo ndiyo inayoamua kama bado soka ni kazi yake.

Mikataba humalizika 30 Juni. Huku chini mwaka mmoja ni kawaida, miwili ni bahati. Anayetemwa huendelea kulipwa mshahara wa msingi kwa mwezi mmoja, nao hukoma mara akisaini kwingine kwa mshahara usiopungua huo. Ni mchezaji huru, ila uhuru huo una faida kwa anayetafutwa tu, na kiangazi hicho wako huru wengi wa nafasi yake.

Kijana huingia mkataba wa mafunzo wa miaka miwili akiwa na 16. Akiwa na 18 huachwa, au hupewa mwaka mmoja wa kulipwa na kupelekwa kwa mkopo klabu za chini zaidi. Wengi wa kundi hilo huwa nje ya soka la kulipwa wakifika 21.

Kinachoumiza zaidi ni kalenda. Kano ya goti ikikatika Novemba, kupona huchukua kama miezi tisa, hivyo anakuwa fiti Agosti ilhali mkataba uliisha Juni. Klabu ilimlipa muda wote wa mkataba, lakini hakuna kocha aliyemwona akicheza, na klabu ndogo haisajili goti ambalo halijajaribiwa. Hata jeraha dogo la msuli wa nyuma ya paja ni hatari: ligi ina mechi 46, anayeogopa kupoteza namba hurudi mapema, kisha msuli huchanika tena. Kocha akifukuzwa, kocha mpya huja na wachezaji wake.

Chini ya League Two iko National League, ambako baadhi ya klabu hufanya mazoezi jioni chache tu kwa wiki, na mchezaji hutafuta kazi nyingine ya mchana. Chama cha wachezaji, PFA, kilichoanzishwa 1907, husaidia ada za masomo. Wakati mzuri wa kuomba ni akiwa bado na mkataba: mazoezi huisha mapema, alasiri iko wazi, na mshahara bado unaingia.