Presha Imerudi, Mbona Mgonjwa Bado Mahututi? Maswali Kuhusu Kupima Kazi ya Moyo na Maji ya Mapafuni

Kipimo cha presha kinasoma vizuri. Kwa nini madaktari bado wana wasiwasi?

Kwa sababu presha haisemi yote. Damu inapopungua kwenye mzunguko, mishipa hujibana, na presha inaweza kubaki palepale kwa muda huku figo na utumbo vikikosa oksijeni. Kinachotafutwa ni kiasi cha damu ambacho moyo unasukuma kwa dakika. Kwa mtu mzima aliyetulia ni kama lita 4 hadi 8. Hupatikana kwa kuzidisha damu inayotoka kwa kila pigo na idadi ya mapigo. Moyo unaopiga mara 130 kwa dakika huonekana unafanya kazi kubwa, kumbe huenda kila pigo linatoa damu kidogo mno.

Maji ya mapafuni yanahusikaje?

Hapa ndipo penye mtihani mgumu. Mgonjwa ambaye maambukizi yamemwenea mwilini mara nyingi huhitaji maji ya dripu ili moyo upate cha kusukuma. Lakini mishipa midogo ya mapafu yake inaweza kuwa inavuja. Maji yaleyale yakavujia kwenye kuta za vifuko vya hewa, kisha ndani ya vifuko vyenyewe, oksijeni ikakosa njia. Tafiti nyingi zimeonyesha kwamba takriban nusu tu ya wagonjwa wa aina hii ndio ambao moyo wao husukuma damu zaidi wakiongezewa maji. Waliobaki hubeba mzigo wa maji bila faida. Kwa hiyo kuongeza dripu kwa mazoea tu, eti presha imeshuka, ni jambo la kuogopwa.

Kazi ya moyo inapimwaje?

Siku hizi wengi huanza na ultrasaundi ya moyo: haina kidonda, na huonyesha papo hapo kama moyo umedhoofika, umekauka kwa kukosa damu ya kutosha ndani, au umebanwa na maji yanayouzunguka.

Njia iliyotawala kwa miaka mingi ni ile ya Jeremy Swan na William Ganz, waliotangaza mwaka 1970 katheta, yaani mrija mwembamba, yenye kiputo kwenye ncha. Huingizwa kwenye vena kubwa, mara nyingi ya shingoni, na mkondo wa damu hukibeba kiputo kupitia upande wa kulia wa moyo hadi ateri ya mapafu. Baadaye maji baridi hudungwa, na kihisi kilicho mbele hufuatilia joto la damu. Moyo ukisukuma kwa nguvu, ule ubaridi hupita na kutoweka upesi. Ukiwa dhaifu, hukawia. Majaribio makubwa hayakuonyesha kwamba kumwekea kila mgonjwa katheta hiyo kunapunguza vifo, ndiyo maana sasa huchaguliwa wagonjwa maalumu, kama wenye shinikizo kubwa kwenye mishipa ya mapafu.

Maji ya mapafuni nayo yana kipimo?

Yanacho, tena kwa mililita. Maji baridi hudungwa kwenye vena kubwa, na kihisi hukaa kwenye ateri, kwa kawaida ya pajani, hivyo ubaridi hulazimika kupita mapafuni kwanza. Mapafu yenye maji mengi huumeza zaidi. Kawaida ni chini ya mililita 7 kwa kila kilo ya uzito wa mwili. Zikizidi 10, mapafu yamejaa maji. Kilo hizo hukadiriwa kwa urefu na jinsia, si kwa mizani, maana mtu akinenepa mapafu yake hayakui. Donge kubwa la damu likiziba mishipa ya mapafu, namba hiyo hupotosha.

Pasipo mitambo hiyo, ultrasaundi ya kifua husaidia sana: mistari meupe inayoshuka wima kutoka kwenye utando wa pafu huashiria maji. Haisemi yametoka kwa moyo kushindwa au kwa mishipa kuvuja; hapo lazima moyo nao utazamwe.

Inawezekana kujua kama dripu itasaidia kabla ya kuitoa?

Ndiyo. Mgonjwa aliyeinuliwa kifua hulazwa chali, miguu ikapandishwa kwa kuinamisha kitanda. Damu ya miguuni, inayokadiriwa kuwa kama mililita 300, hurudi moyoni. Ndani ya dakika moja moyo hupimwa: ukisukuma zaidi kwa asilimia 10 au zaidi, huenda maji yatasaidia. Miguu ikishushwa, kila kitu hurudi kilipokuwa, na hakuna tone lililoongezwa. Haifanywi kwa mwenye shinikizo kubwa ndani ya fuvu.

Ila moyo kuitikia maji si sawa na kuyahitaji. Hata mtu mzima wa afya moyo wake huitikia.

Vipimo hivi vina madhara?

Katheta zinaweza kuleta damu kuvuja, maambukizi, kuganda kwa damu au mapigo kuvurugika, hivyo hutolewa mara hitaji linapokwisha. Ultrasaundi ni salama, ila inategemea ustadi wa mpimaji.

Ndugu wa mgonjwa aulize nini?

Uliza moyo wake umepimwaje na mapafu yana hali gani. Uliza pia jumla ya maji aliyopewa tangu alazwe na mkojo aliotoa, na kama lengo la leo ni kumwongezea maji au kumpunguzia.