Je, wajua kwa nini kinyozi hajinyoi?

Rafiki yako anakupigia saa nne usiku, analia. Mchumba wake anaandikiana na mtu mwingine. Unamtuliza, unamuuliza kama ana hakika, unamwambia asijibu chochote leo, asubiri kukuche, amsikilize na mwenzake. Ushauri wa mtu mzima kabisa. Mwezi unaofuata yanakukuta yale yale wewe, na kabla hujamaliza kusoma ujumbe wa pili umeshatukana, umeshafungia namba, na nguo za mtu ziko barazani.

Wahenga walishaliona hili: kinyozi hajinyoi, mganga hajigangi. Sababu hawakututajia.

Igor Grossmann wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, na Ethan Kross wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walilipima jambo hili na kuchapisha matokeo mwaka 2014. Waliwachukua watu walio katika mapenzi ya muda mrefu. Wengine wakaambiwa wawaze kwamba wamesalitiwa wao, wengine kwamba aliyesalitiwa ni rafiki yao. Kisha ikaangaliwa busara ya kila mmoja: je, anakiri kuna asiyoyajua? Anaupa nafasi upande wa pili? Anatafuta suluhu? Waliomwazia rafiki waliwapita waliojiwazia wenyewe. Wazee wa miaka 60 hadi 80 nao hawakuwa na nafuu yoyote mbele ya vijana. Hilo lilinishangaza, maana nilidhani mvi husaidia. Hali hiyo ikapewa jina la Sulemani, mfalme wa Biblia ambaye watu walisafiri kutoka mbali kuisikia hekima yake, huku nyumbani kwake wake 700 na masuria 300 wakimgeuza moyo.

Kinachotokea ni hiki. Jambo la mwenzako unalitazama kwa mbali, kwa hiyo unaliona lote, na chanzo chake. La kwako umo ndani yake. Unarudia nani alisema nini, kwa sauti gani, na kila ukirudia kidonda kinachubuka upya.

Hapa ndipo wengi tunapojidanganya. Tunajifungia chumbani tukisema tunajitafakari, kumbe tunacheua. Mwanasaikolojia Susan Nolen-Hoeksema, akiwa Chuo Kikuu cha Stanford, alikuwa amewahoji wanafunzi kuhusu namna wanavyokabili huzuni, na siku chache baadaye, tarehe 17 Oktoba 1989, tetemeko kubwa likaipiga San Francisco na vitongoji vyake. Wiki saba baada ya tetemeko, wale waliokuwa na mazoea ya kuirudia-rudia huzuni yao ndio waliokuwa na dalili zaidi za sonona. Ng'ombe akicheua, walau maziwa yanapatikana.

Sasa, kinyozi atajinyoaje? Katika utafiti ule wa Sulemani, walioambiwa wajitazame kama mtu mwingine walipata busara ile ile ya kumshauri rafiki. Tofauti ikafutika. Kross na wenzake walionyesha pia kwamba mtu anayejiandaa kuhutubia akijisemesha kwa jina lake, au kwa "wewe", hutulia na kuhutubia vizuri kuliko anayesema "mimi". Kwetu si jambo geni. Ugali ukiungua, utamsikia mwanamke jikoni akijiambia, "Mama Juma, leo umepatikana!" Akishasema hivyo, anacheka. Angesema "kwa nini mimi niko hivi?", asingecheka.

Kalamu nayo inasaidia, ingawa si mara moja. Mwaka 1986 James Pennebaker na Sandra Beall waliwataka wanafunzi waandike dakika 15 kwa siku, siku nne mfululizo, juu ya jambo lililowaumiza zaidi maishani. Walipomaliza kuandika walijisikia vibaya zaidi kuliko walipoanza. Lakini katika miezi sita iliyofuata, walioandika tukio pamoja na hisia zao walikwenda zahanati ya chuo mara chache kuliko wenzao walioandika mambo ya kawaida.

Mimi huviunganisha viwili hivi. Chukua karatasi, liandike la kwako kana kwamba umeletewa na rafiki: jina lake, kilichompata, alichosema, alichonyamazia. Halafu mjibu kama ulivyomjibu yule wa saa nne usiku.