Fremu ya Ihumwa na chombo cha Cadarache

Nikigusia nyuklia darasani hapa Dodoma, swali la kwanza ni lile lile: "Mwalimu, na urani ya Bahi je?" Haihusiki. Urani ni kupasua kiini kizito cha atomi. Mimi naongelea kuunganisha viini vyepesi, kama jua linavyofanya. Fueli yake ni aina mbili za hidrojeni: deuteri, iliyomo hata kwenye maji ya ndoo, na triti, inayoweza kuzalishwa kutokana na lithi, ile metali ya betri za simu.

Kazi iko kwenye joto. ITER, mtambo unaojengwa Cadarache, Ufaransa, unalenga nyuzi milioni 150. Hakuna chuma cha kustahimili hapo, ndiyo maana sumaku huizuia plazima, yaani hiyo gesi ya moto, isiguse kuta za chombo, chenye umbo la donati. Chombo hicho kina vipande 9: vitano vinatoka Ulaya, vinne Korea Kusini. Marekani inaleta sumaku ya katikati, India imetengeneza kasha la nje. Japani, China na Urusi nazo zina mafungu yao. Mbona asipewe fundi mmoja? Kwa sababu kila nchi inataka mafundi wake waujue ufundi huo, wasiishie kuchangia pesa.

Gharama ya kugawa kazi hivyo naijua. Kwenye ujenzi wangu Ihumwa, fremu ilichomelewa na fundi mmoja, mlango na mwingine, vipimo nikawapa mwenyewe kwenye karatasi moja. Siku ya kufunga mlango ukagoma kwa upana wa kidole. Tulikesha na grainda.

Cadarache nako, kingo za vipande zilionekana kupishana na vipimo, na kipande kimoja kina uzito wa tani zipatazo 440. Kile kilichoshushwa shimoni Mei 2022 kikabidi kitolewe. Ratiba ya 2024 inasema majaribio yaanze 2034, deuteri na triti 2039. Na huo mtambo, ukumbuke, hautatoa umeme hata wa taa moja; ni wa kupimia.

Wapo wanaosema bora kila taifa lifanye lake. Sikubali. Mwaka 1969, katikati ya Vita Baridi, Waingereza walibeba leza yao hadi Moscow kupima joto la tokamaki ya Warusi, mtambo wa umbo la donati kama huu wa ITER, joto ambalo wengi Magharibi hawakuliamini. Wakakuta ni kweli. Baada ya hapo maabara za Magharibi nazo zikaanza kujenga tokamaki. Na mapema 2023, vita vya Ukraine vikikaribia mwaka, koili kubwa ya sumaku kutoka Saint Petersburg, Urusi, ilifika Cadarache.