Safari Ndefu kwa Gari la Umeme: Usisubiri Betri Ijae

Kazi yangu ni betri za magari, na swali ninaloulizwa kila mara ni lile lile: gari likijaa chaji, linafika wapi? Kwa safari za mjini swali hilo linatosha. Lakini mtu anayejiandaa kwa kilomita 700 au 1,000 namwomba aulize jingine: likibaki na asilimia 10, linapokea umeme kwa kasi gani? Magari mawili yenye betri za ukubwa mmoja yanaweza kupishana saa nzima njiani kwa sababu hiyo tu.

Betri ya lithiamu haipokei umeme kwa kasi ile ile mwanzo hadi mwisho. Ikiwa karibu tupu, ioni za lithiamu hupata nafasi tele ndani ya grafiti (kaboni inayozihifadhi ndani ya betri), na mashine ya kuchaji inaweza kusukuma kilowati nyingi (kipimo cha kasi ya umeme). Kadiri nafasi zinavyojaa, volti ya seli (kila kijibetri kati ya vingi vinavyounda betri) inapanda, na ikikaribia kikomo chake kompyuta ya gari inapunguza mkondo. Umeme mwingi ukilazimishwa kuingia wakati huo, lithiamu hujitanda juu ya grafiti badala ya kuingia ndani, na seli huharibika. Kwa hiyo gari linalopunguza kasi ya kuchaji baada ya asilimia 80 halina ubovu wowote. Linajilinda.

Tupige hesabu. Betri ni ya kilowati-saa 60 (kiasi cha umeme inachohifadhi), na gari linatumia 20 kwa kila kilomita 100 kwenye barabara kuu. Kutoka asilimia 10 hadi 80 ni kilowati-saa 42, yaani kilomita 210. Kwa wastani wa kilowati 100, hizo zinaingia kwa dakika 25 hivi. Asilimia 20 za mwisho zinakuongezea kilomita 60 tu, na mara nyingi hula muda unaokaribia ule wa mwanzo. Ndiyo maana nasisitiza: ikifika 80, chomoa, uendelee na safari. Jaza hadi 100 usiku wa kuamkia safari, au pale ambapo kituo kinachofuata kiko mbali kweli kweli.

Ukishachomeka kebo ya DC (ile ya kuchaji haraka), tafadhali usiondoke hapo hapo. Utasikia plagi ikijifunga, kisha kimya cha sekunde kadhaa. Wakati huo gari na mashine vinawasiliana: mashine inapima kama kuna umeme unaovuja, halafu inapandisha volti yake hadi ilingane na ya betri. Ndipo swichi kuu za ndani ya gari zinapogonga na namba za kilowati kuanza kupanda kwenye skrini. Zisubiri zitulie. Ukiona kilowati 40 kwenye mashine ya kilowati 150, na unajua gari lako lina uwezo wa zaidi ya hapo, sababu za kawaida ni tatu: betri ina baridi, betri tayari ina chaji nyingi, au mashine inagawana umeme na gari la jirani. Kwa jirani, hamia mashine nyingine. Kwa baridi, dawa yake inaanza mapema: magari mengi ya siku hizi, ukiweka kituo kile kwenye ramani ya gari lenyewe (si ya simu), huipasha betri moto njiani ili ifike ikiwa tayari.

Mwendo nao una bei yake. Nguvu ya hewa inayokuzuia hukua kwa mraba wa mwendo, hivyo ukitoka 100 hadi 120 kwa saa inaongezeka kwa asilimia 44. Ukianza kuwa na shaka kama utafika, punguza mwendo mapema. Ukingoja hadi ibaki asilimia 5, umebakiwa na kilomita chache mno za kuokoa chochote.

Milima huwatisha watu kuliko inavyostahili. Kupandisha gari la tani 2 hadi mita 1,000 juu kunagharimu kama kilowati-saa 5.5 za ziada, na wakati wa kushuka mota inageuka jenereta na kukurudishia sehemu yake kubwa. Sharti ni moja: betri iwe na nafasi. Ukiijaza hadi 100 kwenye kituo kilicho kileleni, umeme wa kushuka hauna pa kwenda, na kazi yote ya kulizuia gari inaangukia breki za kawaida.

Katika kuchagua vituo, mimi hupenda chenye mashine sita kuliko chenye moja, hata kama kile cha moja kiko karibu zaidi na kina kilowati nyingi. Mashine moja ikiwa mbovu, kituo kizima ni kibovu. Na kama huna budi kutegemea cha mashine moja, fika ukiwa na chaji ya kukufikisha kingine.