Ini la samaki wa siku tano, na kwa nini usiweke dawa mapema

Nikisema natumia viinitete vya samaki kupima kama dawa inadhuru ini watu wanauliza, ini la samaki na la mtu wapi na wapi? Kumbe kazi ni zile zile kwa sehemu kubwa. Samaki mwenyewe anaitwa samaki pundamilia (zebrafish), kadogo kutoka maji ya India na Bangladesh, anataga asubuhi taa zikiwaka, na mtoto wake anapitisha mwanga kama kioo kwa hiyo ini unaliona likiwa hai bila kupasua kitu.

Sasa wengi wanapokosea ni muda. Kipimo namba 236 cha mwaka 2013 cha OECD, shirika la kimataifa linalotoa miongozo ya kupima kemikali, kinaanza yai likiwa limetoka tu kurutubishwa, unafuatilia masaa 96 kuona nani kafa. Kwa sumu inayoua sawa, ila kwa ini hapana, maana mwanzoni ini lenyewe halipo! Mi nasubiri saa ya 72 tangu yai lirutubishwe ndo naweka dawa, nasoma saa ya 120. Ukiwahi utapata mkia umepinda na maji yamejaa kuzunguka moyo, halafu unaandika ini limeharibika wakati hilo ini halijapata hata nafasi ya kukua.

Chukua paracetamol, hii hii ya kichwa. Yenyewe sio inayoua ini, ini ndo linaigeuza ikawa sumu iitwayo NAPQI, na dozi ikizidi glutathioni, kinga ya seli inayoidhibiti sumu hiyo, inaisha, seli zinaanza kufa. Ndo maana nataka ini zima linalofanya kazi, maana seli nyingi za ini zinazokuzwa kwenye sahani za maabara zimeshapoteza vimeng'enya vya kuigeuza na dawa itaonekana salama kabisa.

Chini ya mikroskopu namlaza ubavu wa kushoto juu. Mzima, ini lake ni angavu na kiini cha yai kimekaribia kuisha. Aliyeumia, ini lina ukungu kama maji ya kuoshea mchele, limesinyaa, na kiini bado kimejaa tumboni hakijatumika.

Na tafadhali pima dawa iliyo ndani ya samaki, sio ya kwenye maji peke yake. Nimeshaona ini safi kabisa tukafurahi, kuja kupima, dawa haikuwa imeingia mwilini.