Ganzi ya kupaka inafika wapi unapopandikizwa jino?

"Mwanangu, si unipake tu hiyo jeli inatosha? Sindano ya nini tena?"

Swali hili naulizwa karibu kila ninapopandikiza jino, na hulijibu kabla sijashika kifaa chochote. Mgonjwa anayejua kitakachomtokea hutulia kitini.

Ganzi ya kupaka, iwe lidokeini ya asilimia 5 au benzokeini ya asilimia 20, hupenya milimita 2 hadi 3 tu za nyama ya juu. Kipandikizi chenyewe, yaani skrubu itakayobeba jino la bandia, huzama kwenye mfupa wa taya, mara nyingi milimita 10 hivi. Mfupa huo umevikwa utando mwembamba wenye mishipa mingi ya fahamu, na hapo ndipo penye maumivu hasa. Kwa hiyo sindano haikwepeki. Kazi ya jeli ni kuifanya sindano ivumilike.

Na hata kazi hiyo huharibika kwa haraka zetu madaktari. Nilipoanza, nilikuwa napaka na kuchoma papo hapo, kisha nashangaa mgonjwa akiruka. Siku hizi naanza kwa kukausha fizi kwa shashi, maana mate huichukua dawa yote, kisha naweka jeli kidogo kwenye kijiti cha pamba na kuiacha dakika 2 kamili. Kwenye kaakaa nyama ni ngumu na nene, jeli haifui dafu sana. Pale nabonyeza kwa kijiti huku nachoma. Dawa naisukuma polepole, mililita 1 kwa dakika. Mara nyingi kinachouma ni dawa inayosukumwa kwa kasi kuliko ncha ya sindano.

Usidhani ya kupaka ni dhaifu. Lidokeini ya sindano tunayoitumia sana ni ya asilimia 2, ya kupaka ni 5, nayo huingia kwenye damu, hivyo kiasi chake lazima kihesabiwe. Benzokeini, ingawa ni nadra, huweza kuifanya damu ishindwe kubeba oksijeni vizuri, midomo ikageuka rangi. Aliyewahi kupatwa na hali hiyo simpaki kabisa. Tafadhali mwambie daktari wako mapema.

Kabla ya kutoboa mfupa nagusa fizi kwa ncha kali na kuuliza: unasikia maumivu, au mgandamizo tu? Mgandamizo na mtetemo utavisikia, ganzi haiviondoi. Ukisikia uchungu inua mkono, nami nitasimama na kuongeza dawa. Usijikaze kwa kuona haya.

Jeli peke yake hutosha baadaye: wakati wa kutoa nyuzi, siku ya 7 hadi ya 10, au miezi kadhaa mbele, ninapofungua kifuniko kilichochomoza juu ya fizi ili nichukue vipimo vya jino la bandia la kudumu. Siku hizo sindano hubaki kwenye trei.