Engaruka ni shamba, si mji uliopotea

Ukitoka Mto wa Mbu kuelekea Ziwa Natron unapita Engaruka, wilayani Monduli, chini kabisa ya ukingo wa Bonde la Ufa. Hapo pamebaki mashamba ya umwagiliaji yaliyolimwa kuanzia karne ya 15 hivi hadi ya 18, yakienea kwenye hekta zipatazo 2,000. Wapo wageni wanaosimama katikati yake na kuuliza magofu yako wapi. Hizi ni baadhi ya kauli zinazosikika kuhusu mahali hapa, na kasoro zake.

"Huu ulikuwa mji mkubwa." Dhana hii ni kongwe. Mwanaakiolojia Louis Leakey alifika mwaka 1935 akakadiria wakazi 30,000 hadi 40,000. Watafiti waliomfuata, wakiwemo Hamo Sassoon na John Sutton, walionyesha kuwa makazi yenyewe ni vijiji saba vilivyojengwa kwenye mteremko, juu kidogo ya mashamba, na watu walikuwa wachache mno kuliko hesabu hiyo. Sehemu kubwa ya mawe yaliyotapakaa chini ni kuta za mashamba na kingo za mifereji. Anayetafuta mji atachora nyumba kwenye ramani yake na kuacha mifereji, yaani ataacha kile hasa kilichopafanya Engaruka pawe Engaruka.

"Walijenga wageni kutoka mbali." Hapana. Kuta ni za mawe ya hapohapo, yamepangwa bila chokaa, na zao lililolimwa ni mtama. Wasonjo, kaskazini ya hapo, wanamwagilia kwa mifereji hadi leo, na Wamarakwet wa Kenya pia.

"Udongo ulikuwepo, wao walilima tu." Hapa ndipo ninapopapenda zaidi. Uchimbaji wa karibuni, hasa wa Daryl Stump na wenzake, umeonyesha kuwa baadhi ya mashamba yalitengenezwa. Waliweka kuta kukatiza njia ya maji, mafuriko yakapunguza kasi na kuacha tope nyuma ya mawe. Tope likijaa, ukuta unaongezwa kimo. Yaani walivuna udongo kabla ya kuvuna mtama. Kwa hiyo mawe yale si mipaka tu. Anayeyabeba kwenda kujengea anafungua mlango wa mmomonyoko, na shamba zima linaweza kushuka na mvua.

"Kila rundo la mawe ni kaburi." Marundo mengi ni mawe yaliyookotwa shambani na kurundikwa ili jembe lipite. Yalipaswa kuchorwa kwenye ramani kama sehemu ya kilimo. Badala yake yapo yaliyofukuliwa na watu waliotafuta maiti.

"Walifukuzwa na Wamasai, basi." Maelezo haya ni mepesi mno. Ipo mifereji inayoanzia kwenye makorongo ambayo leo ni makavu karibu mwaka mzima. Mto Engaruka ndio unaotiririka bila kukauka. Mjadala wa sababu unaendelea, lakini anayesahau maji amesahau nusu ya habari.

"Hapana uzio, kwa hiyo hapajalindwa." Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda majengo na miundo yote iliyofanywa na binadamu kabla ya mwaka 1863, yenye uzio au isiyo nao. Kinachosumbua ni utekelezaji: mchungaji au mkulima hajaonyeshwa eneo linaanzia wapi, na kibao kimoja barabarani hakimsaidii.

"Siku hizi setilaiti inatosha." Picha za angani zinaonyesha safu za kuta vizuri sana pale ambapo vichaka ni haba. Chini ya migunga hazioni kitu, na haziwezi kukwambia mfereji upi ulilisha shamba lipi. Hilo linadai kutembea, kupima mwinamo, na kwenda na wenyeji wanaopita hapo na mifugo kila siku. Tena wanakijiji wa sasa wanamwagilia mahindi, maharage na migomba kwa maji ya mto uleule, hivyo ramani ya mambo ya kale ikibaki ofisini haina kazi. Inapaswa kuchorwa kama eneo zima, kuanzia pale mfereji unapochota maji ukingoni hadi shamba la mwisho, na kuingizwa kwenye mpango wa matumizi bora ya ardhi wa kijiji, kando ya malisho, makazi na njia za maji za leo.